Talaka ya Siku ya Hauli

Jina langu ni Jahan, na kwa lugha yetu hapa Bidar jahan maana yake ni dunia. Baba alinipa jina hilo kwa sababu watoto wanne walinitangulia na wote walikufa kabla ya kujua kutembea. Mimi nilipomaliza mwaka, akasema sasa dunia imeingia nyumbani kwake. Alikufa akiwa hajui jina hilo litakuja kunitia kwenye kesi gani.

Mume wangu, Tajammul, alikuwa fundi wa vile vyombo vyeusi vyenye nakshi za fedha ambavyo mji wetu unasifika navyo. Ni kazi ya mtu mtulivu. Unachonga mstari mwembamba kama unywele kwenye ubavu wa chombo, unalaza uzi wa fedha ndani yake, unaugonga polepole mpaka ukae. Ukiwa na haraka unaharibu kazi ya wiki nzima. Katika miaka tisa ya ndoa sikuwahi kusikia sauti yake ikivuka ukuta wa chumba. Mama yake, tuliyekuwa tukiishi naye, alizoea kusema kwamba wenzake wamezaa watoto na yeye amezaa jiwe lenye ndevu. Tajammul alisali sala zake kwa wakati, na kila Alhamisi alikwenda zawiyani kwa shehe wake, Shah Wasil, kuleta dhikri pamoja na wenzake wa twarika. Alirudi chakula kikiwa bado cha moto.

Mwaka ule, mtawala wetu akiwa bado Nizamu, hauli ya kila mwaka ya walii wetu iliangukia mwezi wa Rajabu, siku ya Jumamosi. Waimbaji wa kawali, zile nyimbo za mapenzi ya Mungu, walitoka mji wa Gulbarga, wanaume sita na vinanda viwili na ngoma, wakaanza baada ya sala ya adhuhuri. Mimi sikwenda, kwa sababu Nasrin, binti yangu wa kwanza, alikuwa na homa. Kwa hiyo yaliyotokea niliyasikia kwa vinywa vya watu, na vinywa havikukosekana.

Walisema mwimbaji mkubwa alifika kwenye ubeti ambao mpenzi anaiambia dunia ifunge mizigo yake iondoke nyumbani, kwani nyumba ina mwenyewe. Alipoona watu wameguswa akaurudia, akaurudia tena, mara kumi, mara ishirini. Ndipo Tajammul, yule jiwe mwenye ndevu, akapandwa na jazba. Alisimama, kofia ikamdondoka, akaanza kuzunguka mikono ikiwa imetandazwa, na akapiga kelele: "Jahan, talaka. Jahan, talaka. Jahan, talaka."

Kwa lugha yetu neno la kumwacha mke ndilo hilo hilo wanalolitumia watu wa Mungu wakisema wameipa dunia mgongo. Na jahan ni dunia, na Jahan ni mimi. Watu mia mbili walisikia. Nusu yao walilia kwa uzuri wa neno lile. Nusu ya pili walikumbuka mke wa Tajammul anaitwa nani.

Kaka yangu Yawar alifika kwangu kabla ya magharibi. Yeye alikuwa na duka la vitambaa, lakini ujanani alisoma miaka miwili kwenye chuo kimoja huko kaskazini, na alirudi akiwa hawezi kuvumilia ngoma wala makaburi. Yeye hakuwepo kwenye hauli, asingekwenda hata kwa kuburutwa. Wateja ndio waliompelekea habari. Alisimama uani akaniambia nifunge nguo zangu na za watoto. Nilidhani mama yetu amefariki. Aliponieleza, nilicheka, kwa sababu sikuweza kumwona Tajammul akipiga kelele juu ya jambo lolote.

Tajammul mwenyewe akaingia wakati ule ule. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetoka kuugua. Hakunitazama. Alisimama kando ya mlango, macho yake chini kwenye viatu vyake, na nikaelewa kwamba hataki kunitazama kwa sababu hajui tena kama anaruhusiwa.

Nikamuuliza kama ni kweli. Akasema watu wamemwambia ni kweli.

"Watu wamekwambia? Wewe ulikuwa wapi?"

"Sikumbuki, mama Nasrin. Nakumbuka mwimbaji. Halafu sikumbuki."

"Basi si rahisi? Sema ulikusudia dunia. Nani atakupinga?"

Alitikisa kichwa. Kisha akasema, "Siwezi kuapa juu ya kitu nisichokikumbuka."

Nilishika bakuli la dengu nikaliweka chini kwa nguvu mpaka likamwagika. "Miaka tisa," nikamwambia, "sijakuomba uniongopee hata mara moja. Leo tu nakuomba."

"Si wewe nitakayekuongopea," akasema. "Nitamwapia Mungu uongo, halafu nije nilale na wewe kwa uongo huo. Tutazaa watoto kwa uongo huo. Nitaishije?"

Yawar, ambaye alikuwa amekuja na maneno yake tayari, hakuyatumia. Nadhani alitarajia kumkuta mtu wa kujitetea. Kwa madhehebu yetu talaka tatu zikitamkwa kikao kimoja ni tatu, na mwanamke aliyeachwa tatu harudi kwa mumewe mpaka aolewe na mtu mwingine, aishi naye, na aachike kwa mtu huyo. Kila mtu uani pale alilijua hilo, hata mama mkwe, aliyekaa kitandani kwake akijifanya anahesabu tasbihi.

Nilifunga nguo. Tajammul alinibebea Nasrin mpaka mlangoni kwa sababu homa ilikuwa haijaisha, akampa Yawar mikononi, akarudi ndani. Binti yangu mdogo aliuliza njia nzima kwa nini baba haji.

Nilikaa kwa kaka siku nane. Nisiseme uongo, mke wake alinitunza vizuri, lakini majirani walikuwa wakija mmoja mmoja kuazima kitu wasichokihitaji, ili wanione nimekaaje. Mmoja alitaka kujua kama nimeanza edda. Nilimwambia nikianza nitamtumia salamu. Usiku sikulala, na mchana sikuweza hata kuchambua mchele, kwani niliangalia punje na sikuona mawe.

Niliyemwogopa hasa ni huyu niliyesikia kwamba ndiye atakayeamua. Mji wetu ulikuwa na wanazuoni kadhaa, na Gulbarga kulikuwa na mufti mmoja mpole ambaye watu walisema hajawahi kumrudisha mtu analia. Lakini Shah Wasil alimwambia Tajammul aende kwa Mufti Wajihuddin. Wajihuddin huyo ndiye aliyekuwa akisema juu ya mimbari, kila mwaka hauli ikikaribia, kwamba vinanda na ngoma ni haramu, na kwamba mtu anayetafuta Mungu ndani ya ngoma atakuta ngozi ya mbuzi. Hakuwahi kukanyaga zawiya siku ya kawali.

Tajammul aliponitumia habari kupitia kwa mama yake, nilidhani Shah amechanganyikiwa. Mama mkwe akanieleza alivyosema, na aliyasema maneno yale kwa kuiga sauti ya Shah, nyembamba na ya polepole: "Ukitaka fatwa ya kukufurahisha, Gulbarga utaipata kesho asubuhi. Ukitaka fatwa ya kukulaza usingizi, nenda kwa Wajihuddin."

Kikao kilifanyika Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya adhuhuri, nyumbani kwa mufti. Wanaume walikaa barazani, mimi na mama mkwe tukakaa chumba cha ndani nyuma ya pazia. Mke wa mufti alituletea sharubati. Aliketi nasi kidogo, akaninong'oneza kwamba tangu Jumatatu mumewe amezungukwa na vitabu, na kila chakula anachompelekea kinapoa. Sikujua kama hiyo ni habari njema au mbaya.

Kwenye tundu la pazia nilimwona Tajammul amekaa mkekani kama mtu anayesubiri kunyolewa. Shah Wasil alikuwa amekaa mwisho kabisa, karibu na viatu, ingawa wote waliinuka alipoingia na mufti mwenyewe alimwonyesha mahali pa mbele.

Mufti alimpa Yawar nafasi ya kusema kwanza, kwa kuwa ndiye msimamizi wangu wa ndoa. Yawar alisema vizuri, lazima nikiri. Alisema mume wa dada yake ametamka neno la wazi, na neno la wazi halitafutiwi nia. Kama atasema hakuwa na akili zake, basi alikuwa mlevi. Na wanazuoni wetu wanasema talaka ya mlevi inapita, kwa sababu ulevi ameutafuta mwenyewe kwa kufanya haramu. "Na ngoma ni haramu," akamaliza. "Hilo si mimi ninayelisema. Ni wewe uliyelisema, Maulana, Ijumaa kabla ya hauli."

Niliona namna mlango unavyofungwa. Ili mufti anirudishe kwa mume wangu ingembidi aseme ngoma ni halali, na hilo asingelisema hata akikatwa ulimi. Mama mkwe alinishika goti.

Mufti hakumjibu Yawar. Alimgeukia Tajammul, akamuuliza huwa ananiita nani nyumbani.

Tajammul aliona haya. Kabla hajafungua mdomo, mama mkwe akapaza sauti kupitia pazia: "Hamwiti jina huyo. Miaka tisa sijasikia jina la huyu mtoto kinywani mwake. Ni 'mama Nasrin', na kabla Nasrin hajazaliwa alikuwa akisema 'unasikia?' Mpaka nikadhani nimepata mkwe anayeitwa Unasikia."

Watu barazani walicheka, na hata mufti akafuta mdomo kwa leso. Lakini akasema, "Nimekusikia, mama, na inasaidia. Haitoshi. Neno la talaka haliulizi mtu amezoea kusema nini." Kisha akamwambia Tajammul aeleze anachokikumbuka, asiongeze kitu.

Tajammul akasema anakumbuka amekaa, anakumbuka ubeti wa dunia kufunga mizigo, anakumbuka kifua kinabana. Baada ya hapo anakumbuka miguu yake imelowa.

"Imelowa na nini?" akauliza mufti.

"Maji. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nje, na miguu imelowa mpaka magotini. Sijui kwa nini. Halafu tukasali alasiri."

Mufti aliinua kichwa. Nilimwona kwa mara ya kwanza anaonekana kama mtu aliyepata kitu. Aliuliza nani alikuwa kwenye ngazi zile. Mtu mmoja akasema Chand, mbeba maji. Chand alikuwa hapo hapo nje ya ukuta, akipita na kiriba chake mgongoni kama kila mchana, wakamwita. Alikuja akiwa na wasiwasi, akasimama uani maji yakimchuruzika. Hakuwa mtu wa twarika, hakuwa rafiki wa yeyote kati yetu. Alikuwa mtu wa kuuza maji.

Mufti akamuuliza kama anamkumbuka bwana huyu siku ya hauli.

"Namkumbuka sana," Chand akasema, na ikaonekana alikuwa na manung'uniko yake siku nyingi. "Kanimalizia kiriba kizima. Shah alitoka naye amemshika mkono, akaniambia nimmiminie maji atawadhe upya. Nikamwambia Shah, huyu nimemmiminia mwenyewe kabla ya adhuhuri, na hajaondoka humu ndani. Shah akasema mtu aliyetokwa na akili hana udhu tena, miminia. Basi nikamiminia. Lakini bwana huyu hata mkono hajui ni upi. Nikimmiminia mkononi anachukua maji anajimwagia miguuni. Tukaanza upya mara mbili. Na alikuwa ananiita baba. Mimi mdogo kwake kwa miaka kumi."

"Alikujua wewe ni nani?"

"Hakumjua hata Shah. Alimuuliza Shah nyumba hii ni ya nani."

"Na wakati huo," mufti akauliza, akitamka kila neno peke yake, "kuna mtu yeyote alikuwa amezungumza habari ya mke?"

Chand akafikiri. Akasema hapana, ndani bado walikuwa wanaimba. Habari ya mke aliisikia sokoni baada ya alasiri, na alishangaa kama watu wengine.

Mufti alimshukuru, akamwamuru mtumishi ampe chai. Kisha akamgeukia Shah Wasil pale karibu na viatu, na watu wakajigeuza wote, kwani wazee hawa wawili walikuwa hawajasemeshana miaka mingi kupita salamu.

"Shah Sahib," akasema, "mtu wenu akifikwa na hali kama ile, akasema maneno, ninyi mnayafanyaje maneno yale?"

"Hatuyafanyi kitu," Shah akajibu. "Hatuyaandiki, hatuyasifu. Tunamngoja arudi. Akirudi tunamwambia atawadhe, kwa sababu hiyo ndiyo sheria. Kama sala imempita tunamwambia ailipe, kwa sababu hiyo ndiyo sheria. Kama amevunja chombo cha mtu, anakilipia. Hali ni kitu kinachompata mtu, Maulana. Haimwongezei ruhusa yoyote."

Mufti akaanza kusema, na alikuwa akimwambia Yawar, bila ukali.

"Wewe umesoma, na umesema sawa kwamba talaka ya mlevi inapita. Mimi nimesema ngoma haifai, na Ijumaa ijayo nikiulizwa nitasema tena. Wapo wanazuoni wakubwa walioiruhusu kwa masharti, nami sikubaliani nao, lakini kitu ambacho wanazuoni wamehitilafiana si sawa na pombe. Hilo ni la kwanza. La pili nimelitafuta wiki nzima. Pombe inamlevya kila anayeinywa. Siku ile watu mia mbili walikunywa wimbo ule ule, na mia na tisini na tisa walirudi nyumbani na akili zao. Basi si wimbo uliomlevya. Ni kitu kilichomshukia kama kuzimia kunavyomshukia mtu, na hakukitafuta. Asiye na akili talaka yake haipiti."

Yawar akasema kwa sauti ndogo kwamba mtu anaweza kujifanya.

"Anaweza," mufti akasema. "Na kama angekuja hapa akaniambia alikusudia dunia, ningemtilia shaka. Amekuja akasema hajui. Na Shah wake alimhukumu kuwa ametokwa na akili akamvunjia udhu wake, wakati ambapo hakuna aliyejua hukumu hiyo itamfaa mtu. Ushahidi wa namna hiyo hautengenezwi." Akavuta karatasi. Akaandika muda mrefu, nikasikia kalamu, kisha akasoma kwa sauti kuelekea kwenye pazia, ili nisikie mwenyewe. "Ndoa haijaguswa. Si talaka tatu, si mbili, si moja. Binti yangu, wewe ni mke wake kama ulivyokuwa Ijumaa kabla ya hauli, na siku hizi nane zote ulikuwa mke wake."

Sikulia. Watu hudhani nililia. Nilihisi njaa, njaa ya ghafla kama ya mtoto, na nikanywa ile sharubati yangu, kisha nikanywa ya mama mkwe. Yeye ndiye aliyelia, kwa sauti, mpaka mke wa mufti akaja kuangalia kuna nini. Mwanamke huyu aliyenikosoa chapati miaka tisa alinikumbatia akaniambia nisimfanyie hivyo tena, kana kwamba mimi ndiye niliyecheza ngoma.

Barazani kulikuwa na jambo moja lililobaki. Mufti aliuliza kama amwekee Tajammul sharti la kutokwenda tena kwenye kawali. Shah Wasil akasema haina haja, yeye ameshamkataza tangu siku ile ile. Alimwambia Tajammul abaki na dhikri yake ya kimya Alhamisi, na akisikia kinanda avuke barabara, mpaka atakapomwambia vinginevyo. Mufti alitabasamu, akasema Shah amekuwa mkali kuliko yeye. Kisha akamshika mkono akamwinua kutoka pale kwenye viatu, na wakaenda ndani kunywa chai. Walizungumza nini sijui. Sikusikia kwamba mufti aliwahi kwenda kwenye hauli baadaye, wala kwamba aliacha kuisema. Lakini mwaka uliofuata alipotaja ngoma juu ya mimbari, ile ngozi ya mbuzi hakuitaja.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Tajammul alikuwa amesimama kwenye uchochoro. Aliniangalia usoni, moja kwa moja, kana kwamba siku nane zote alikuwa amebeba kitu kizito na sasa amekitua. Nikamwambia kwa kuwa mimi ni mke wake basi anaweza kubeba kapu langu, na akalibeba.

"Umekasirika?" akaniuliza njiani.

"Sana."

"Kwa sababu ya neno?"

"Kwa sababu ya kutokuniongopea," nikamwambia. "Ungeniongopea siku ile ningekuwa nyumbani kwangu wiki nzima, na leo na kesho nisingeweza kukuamini." Alitembea hatua kadhaa akilitafuta jibu, akaona bora anyamaze. Alikuwa na akili zake zote.

Yawar alikuja jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya ngome ya mji, amebeba sanduku langu kichwani mwenyewe, ingawa angeweza kumlipa mpagazi. Alilitua uani akajifuta jasho. Alisema alichofanya alikifanya kwa sababu aliogopa niishi katika haramu, na Tajammul akamjibu kwamba yeye pia aliliogopa hilo hilo, ndiyo maana hawakugombana. Nilipika mchele na biringanya za ukwaju. Yawar alikula sahani mbili. Mama mkwe akamuuliza kama mwanawe atalitia nakshi bakuli zuri la kupeleka kwa mufti, na Yawar akasema mufti hapokei zawadi kwa mtu aliyemhukumia, basi wakabishana juu ya hilo mpaka chai ikaisha.

Kesho yake asubuhi Nasrin aliamka hana homa. Niliwavisha watoto, nikawapa maziwa, nikaketi kidogo kwenye kitanda nikisema nitainuka sasa hivi. Niliamka alasiri. Mtu alikuwa amenifunika shuka. Nje nilisikia mama mkwe akiwaambia watoto wachezee mbali na dirisha langu.